Kumsindikiza Sifuna

Upepo uliovunja nyumba ya Sifuna haukuwa upepo mkubwa. Haukulaza mahindi ya mtu, haukuezua paa la mtu, hata kuku hawakushtuka. Ulipita tu Jumapili moja alasiri katika boma lake karibu na Mabanga, ukafika chooni, ukaliinua gunia lililoning'inizwa mahali pa mlango na kulirusha juu ya paa. Ndani ya choo, wakati huohuo, alikuwepo Mama Phelista, mke wa pasta.

Kina mama wa ushirika walikuwa wameketi uani, viti vimeelekezwa kulekule, wako ubeti wa pili wa wimbo. Wimbo ulikatika. Mama Phelista hakupiga kelele, maana alikuwa mwanamke wa heshima. Alichukua kitabu chake cha nyimbo akajifunika uso, kana kwamba asipowaona wao, nao hawatamwona. Mukami, mke wa Sifuna, alikimbia na leso yake akasimama mbele ya choo amenyoosha mikono, kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shambani.

Sifuna mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ametoka asubuhi kununua bawaba za mlango wa choo hicho. Njiani alikutana na rafiki yake Wabwile, wakaenda kuangalia bwawa la samaki ambalo Wabwile alifikiria kuchimba, na kufikia saa kumi walikuwa wamechimba lao, futi mbili. Alirudi jioni na tope hadi magotini, mwenye furaha, akimwambia mkewe kwamba samaki ndio mpango wa sasa.

"Bawaba ziko wapi?" Mukami akauliza.

Sifuna akajipapasa mifuko yote. Akasimama. Kisha akakumbuka alikokuwa akienda asubuhi.

Choo kile kilikuwa na mwaka wa tatu bila mlango. Si kwamba Sifuna alikuwa mvivu. Alikuwa mchomeleaji, ana kibanda chake kando ya barabara, na mageti ya nusu ya watu wa Mabanga ni kazi ya mkono wake. Kwenye matanga yeye ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Lakini nyumbani kwake palikuwa na jiko lililopakwa plasta ukuta mmoja, ngazi ya paa isiyofika paani, na redio iliyofunguliwa ili itengenezwe, ikabaki hivyo mpaka buibui akahamia.

Asubuhi yake Mukami alifunga nguo, akamshika Lenah, binti yao wa miaka tisa, akasimama mlangoni.

"Mama Lenah, kweli unaniacha kwa sababu ya choo?"

"Sikuachi kwa sababu ya choo. Kama ungekuwa mwalimu, au dereva, ningevumilia hilo gunia mpaka nizeeke. Nakuacha kwa sababu wewe ni fundi wa milango." Akaweka begi kichwani. "Siku utamaliza kitu kimoja, kimoja tu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, utaniita. Niko kwa mama."

Kwa mama kulikuwa mahali paitwapo Kwanza, mbele ya Kitale. Sifuna akasimama barabarani mpaka hawakuonekana tena, na moyoni akaapa mlango utakuwa umesimama kabla jua halijazama.

Alianza vizuri. Alitoa vyuma, akatafuta futi ya kupimia. Futi ilikuwa chini ya kuku aliyekuwa ameatamia. Akaona aibu kwamba kuku ameatamia chini ya meza kama mkimbizi, akaamua kumtengenezea kuku banda dogo, la dakika tano. Jua lilipozama kuku alikuwa na nyumba ya chuma ya ghorofa moja, yenye mlango, bawaba na komeo. Choo kilikuwa kama kilivyokuwa.

Kesho yake alimwita Wabwile amsaidie. "Wewe kaa hapa unione," akamwambia, "usiniache niende popote."

"Hiyo ni kazi lahisi, bana," Wabwile akasema, akaketi. Baada ya kitambo akasema, "Lakini si ile shimo yetu itajaa maji kama mvua ikinyesha leo?"

Wakaenda kuliangalia.

*

Wiki ya pili simu iliita. Alikuwa Mukami, sauti kavu. Mwalimu wa Lenah alikuwa amesema kabla ya kufunga shule kwamba mtoto ana akili, lakini hakai, na hamalizi lolote. Wamepata daktari wa watoto wa namna hiyo Kitale, na daktari anataka wazazi wote wawili. Ijumaa, saa nne.

Sifuna alifika saa tano na nusu. Shati alikuwa amelivaa nje ndani.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo. Mukami alikuwa kiti cha mbele, Lenah dirishani akisoma mabango ya maduka ya ng'ambo ya barabara kwa sauti, na pembeni, akiwa amegeukia ukuta, alikuwa Nyaruai, mama yake Mukami. Sifuna alipomwona alitaka kurudi nje. Kwa Wabukusu, watu wa Sifuna, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawaketi karibu, hawaangaliani machoni. Nyaruai alikuwa Mkikuyu, lakini hata kwao mkwe huheshimiwa kutoka mbali, kwa hivyo pande zote mbili zilikubaliana vizuri sana. Miaka kumi na moja ya ndoa ilikuwa imepita bila wawili hao kuambiana neno.

"Mukami," Nyaruai akauambia ukuta, "mwambie baba Lenah tumemsalimia."

"Baba Lenah, mama anakusalimia."

"Mwambie mama nimepokea," Sifuna akaiambia sakafu.

Daktari Wilkista, mwanamke mfupi wa miwani, akatazama huku na huku, akaamua kutouliza. Akafungua maswali yake. Yalikuwa kuhusu Lenah.

"Huwa anaanza kazi moja, kisha anaiacha katikati anashika nyingine?"

Mukami akageuza shingo polepole, akamtazama mumewe.

"Anapoteza vitu vya kazi? Kalamu, daftari?"

Mukami hakumwondolea macho.

"Anasahau alikotumwa?"

Hapo, Nyaruai, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwa amemtazama mkwe wake usoni, aligeuka kutoka ukutani akamtazama.

"Na je, hujibu swali kabla ya mtu kumaliza kuu—"

"Ndiyo," akasema Sifuna.

Hata Lenah aliacha mabango. Daktari aliweka kalamu chini akajikuna paji la uso, ishara ya mtu anayetaka kucheka na kazi haimruhusu.

"Baba Lenah," akasema, "leo nimempangia mtoto. Wewe nitakupangia siku yako tukupime vizuri, maana mtu hapimwi kwa macho ya mke wake. Lakini si ajabu. Hii kitu hutembea kwa familia. Inaitwa ADHD. Si uvivu, si laana, na si ujeuri. Ni ubongo unaowaka kama moto wa mabua ya mahindi: mkali sana, halafu ghafla hakuna. Dawa ziko, tutaziongea. Lakini dawa haipigilii msumari. Mtu wa namna hii anahitaji pia mtu."

"Wa kumchunga?" Mukami akauliza. "Daktari, mimi nimekuwa polisi wa huyu miaka kumi na moja. Nimestaafu. Bila pensheni."

"Si polisi. Polisi anamfanya adanganye tu." Daktari akafikiri kidogo. "Mgeni akiaga kwako, humwonyeshi njia kwa kidole ukarudi kulala. Unamsindikiza. Humbebi, humsukumi, humwambii kwa nini hatembei haraka. Unatembea naye. Basi, mtu huyo. Wanakubaliana kazi ni gani na saa ngapi, na saa hiyo anakuwa naye. Na lazima achaguliwe na mwenyewe. Lenah, wewe ungetaka nani?"

"Cucu," Lenah akasema bila kugeuka. Ndiye bibi yake huyo.

"Na wewe, Baba Lenah? Kazi za wateja wako zinaisha?"

"Zinaisha, daktari."

"Kwa nini?"

Sifuna hakuwa amewahi kujiuliza. "Kwa sababu mteja... anakaa pale na soda mpaka nimalize."

"Unaona? Nani atakaa na soda?"

Sifuna aliitazama sakafu muda mrefu. Alimfikiria Wabwile, akaona shimo. Alimfikiria pasta, akakumbuka kitabu cha nyimbo. Masikio yakamwaka moto.

"Kama mama atakubali," akasema kwa sauti ya chini. "Mama yake Mukami."

Mukami akaruka. "Mama yangu? Kwa nini mama yangu?"

"Ndiye peke yake hajawahi kunigombeza."

"Si ni kwa sababu hamjawahi kuongea!"

Nyaruai alikuwa ameshaurudia ukuta. Alikaa hivyo mpaka wote wakadhani amekasirika. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na ikawa wazi kwamba anacheka.

"Mukami," akasema, "mwambie baba Lenah magoti yangu hayaniruhusu kwenda shamba siku hizi. Nashinda nikichagua maharagwe. Na mwambie mila inasema mkono, inasema kiti, inasema macho. Simu haikusema."

*

Jumatatu saa mbili asubuhi simu iliita Sifuna akiwa uani kwake. Sifuna aliitazama kama mtu anayetazama nyoka. Akafuta mikono, akavua kofia, akapokea.

"Mama."

"Baba Lenah."

Baada ya hapo hakuna aliyejua lifuatalo. Sifuna alisikia jogoo wa Kwanza akiwika, na bila shaka Nyaruai alisikia pikipiki za Mabanga.

"Mimi nimekaa na maharagwe," hatimaye Nyaruai akasema. "Wewe umekaa na nini?"

Sifuna akatazama ua. Redio, nyumba ya kuku, geti la mtu, sufuria la mtu mwingine. "Mimi nimesimama tu, mama."

"Kwa huo mlango, kitu gani kidogo kabisa unaweza kufanya mpaka nimalize sinia moja?"

"Kupima."

"Pima basi. Niko hapa."

Aliiweka simu juu ya pipa, sauti wazi. Nyaruai hakusema neno lingine. Kulikuwa tu na mlio wa maharagwe yakidondoka, ta, ta-ta, na mara moja moja kokoto ikitupwa. Sifuna alipima upana, akasahau, akapima tena. Macho yake yalipokwenda kwenye redio, ule mlio wa ta, ta-ta ukayarudisha. Haukumkemea. Ulikuwa tu pale, kama mtu anayetembea upande wa pili wa barabara.

"Nimemaliza," akasema, akashangaa.

"Mimi pia. Kesho nini?"

"Kukata vyuma."

"Haya. Usiongeze kitu."

Wakaagana kwa heshima nyingi, na Sifuna akavaa kofia.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Nyaruai hakuuliza hata siku moja kwa nini mlango umechukua miaka. Aliuliza yuko wapi na kazi, na sasa atashika nini. Siku nyingine alimpa simu Lenah, naye akafanya hesabu zake pale kando ya bibi, baba akikata vyuma upande wa pili, na Nyaruai akasema anaendesha shule ya bweni kwa sinia moja. Vyuma vilikatwa. Fremu ya mlango ikaungwa. Jirani waliopita waliona Sifuna akichomelea huku akisema "Ndiyo mama, ndiyo mama," hakuna mtu karibu naye, wakaanza kumsikitikia kwamba kuachwa kumemfikisha pabaya.

Kisha ikaja Alhamisi.

Mtu mmoja wa Kapsokwony, mwenye posho mill ya kusaga mahindi, alimpata barabarani alfajiri. Mashine imevunjika shingo, watu wamepanga foleni na madebe, pikipiki hii hapa. Sifuna hakufikiri. Alipanda. Wakapanda milima ya huko, na saa mbili ilipofika alikuwa amelala chali chini ya mashine, unga kwenye kope, simu ikiita kifuani.

"Baba Lenah, umeshika nini?"

"Nachomelea, mama," akasema, na kwa kiasi ilikuwa kweli. "Nachomelea mlango."

"Fundi!" mwenye mashine akapaza sauti mlangoni. "Wacha kwanza! Karibu chai ya Kapsokwony!"

Maharagwe yakanyamaza.

"Hiyo Kapsokwony," Nyaruai akauliza polepole, "iko upande gani wa choo?"

Sifuna alifumba macho. Alisubiri. Alijua maneno yote yanayokuja, maana alikuwa ameyasikia kwa baba yake, kwa walimu, kwa mkewe: kichwa maji, mtu wa upepo, si nilijua. Aliyasubiri kama anayesubiri sindano.

"Sitakugombeza," mama mkwe akasema. "Hiyo kazi sikuandikwa. Lakini ukinidanganya, mimi nakuwa nasindikiza mtu hayuko. Nitembee peke yangu barabarani, na haya magoti?"

"Nisamehe, mama."

"Nilisamehe kitambo. Nataka kujua kitu ingine. Huo mlango unautaka wewe, ama unatakwa na Mukami?"

Unga uliingia machoni mwa Sifuna, au yeye alisema ni unga. "Nautaka mimi. Nataka warudi. Na nataka Lenah asikue akawa kama mimi."

Nyaruai akatupa kokoto. "Lenah anaweza kuwa kama wewe," akasema. "Asiwe tu peke yake. Kesho saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Uko wapi?"

"Niko kwangu."

"Haya. Kunywa chai yao, ni baridi huko."

*

Mlango ulisimama Jumatano iliyofuata. Ulikuwa mlango mzuri, wa bati zito, bawaba tatu nene, unafunguka kwa nje, na ndani una komeo lenye kipenyo cha kidole gumba. Sifuna aliufungua na kuufunga mpaka mbwa akachoka kutazama. Kisha akampigia Mukami. Hakujisifu. Alisema tu, "Mama Lenah, kimoja kimeisha."

"Tutakuja Jumamosi," Mukami akasema. "Muturi atatuleta. Anataka kuona na macho yake."

Muturi alikuwa kaka yake, mwenye gari la kubeba viazi na maoni mengi. Siku ya harusi alisema heri dada yake angeolewa na upepo wenyewe, angalau angejua kwamba ni upepo.

Jumamosi Sifuna aliamka mapema. Jogoo alikuwa ameshachinjwa, Senge Nabwile, shangazi yake, alikuwa jikoni, Wabwile alikuwa amekopa viti vya kanisa, na kina mama wa ushirika, Mama Phelista akiwemo, walikuwa wamealikwa. Palibaki muda. Na mtu kama Sifuna akibakiwa na muda, hapo ndipo pa kumwombea. Aliona komeo limebaki na rangi ya chuma wakati mlango wote ni buluu. Akalipaka. Lilipendeza. Akalipaka tena.

Wageni walifika saa sita. Muturi hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye choo, akaugonga mlango, akaupiga teke dogo, akachungulia bawaba. "Haya," akasema, kama mtu aliyenyimwa. Mukami alitazama kwa mbali, uso hauna habari. Nyaruai, aliyekuja na mkongojo, alimpita mkwe wake bila kumwangalia, kama mila inavyotaka, ila wote wawili walikuwa wanajikaza wasitabasamu.

Walikunywa chai. Na baada ya chai, baada ya safari kutoka Kwanza, Nyaruai akainuka akaelekea kule. Watu wote wakafanya kama hawaoni. Mlango ukafungwa. Komeo likasikika likisukumwa, kwa nguvu ya mwanamke aliyebeba magunia ya mahindi ujanani.

Wakasubiri. Chakula kikapakuliwa. Wakasubiri tena. Kisha mlango ukatikisika. Ukatikisika zaidi.

"Mama?" Mukami akaita.

"Hii kitu imekataa," sauti ikatoka ndani.

Hapo uwanja wote ukawa mafundi. Muturi akataka ukuta uvunjwe. Wabwile akataka mafuta ya kupika. Mtu akasema aombewe. "Leteni kamba tuvute mrango!" Wabwile akapaza sauti, na mwingine akauliza ikivutwa na choo kikija? Sifuna alipiga hatua moja, na Senge Nabwile akamshika koti. "Wewe! Mkwe hakaribii choo na mama mkwe yuko ndani! Unataka kutuletea nini?"

Kichwa cha Sifuna kikajaa nyuki. Rangi. Ni ile rangi imegandia ndani. Mafuta? Kamba? Ukuta? Macho yake yaliruka kwa Muturi, kwa Wabwile, kwa Mukami, ambaye alikuwa ameshika mdomo, na uso wake ulikuwa unarudi ule wa siku ya upepo. Alichotaka Sifuna ni kutoka, aende popote, hata bwawani.

Simu yake ikaita.

"Baba Lenah," Nyaruai akasema. Sauti yake ilitoka mara mbili, kwenye simu na kwenye bati. "Tuongee hapa. Waambie hao wanyamaze."

"Nyamazeni," Sifuna akasema. Wakanyamaza, kwa mshangao tu.

"Unaweza kufungua?"

"Naweza, mama. Nikate bawaba na grainda. Ziko nje."

"Ziko ngapi?"

"Tatu."

"Usiniambie tatu. Ya kwanza ni gani?"

"Ya juu."

"Haya. Nageukia ukuta, nifunike macho na leso. Huwezi kuniona, siwezi kukuona. Mwambie huyo shangazi hakuna mila imevunjwa."

Senge Nabwile alifikiri, akaachia koti.

Waya ukavutwa, simu ikawekwa mfuko wa shati, cheche zikaruka. Bawaba ya juu ikakatika. Ya kati ilifika nusu, na jiwe la kukatia la grainda likaisha. Lingine lilikuwa kibandani, barabarani.

Sifuna akasimama na grainda mkononi. Wote walifikiria jambo moja. Mukami alitazama chini. Kila mtu pale alikuwa amewahi kumwona Sifuna akienda kuleta kitu.

"Naenda kuleta jiwe," akaiambia simu.

"Nenda. Niko hapa," Nyaruai akasema, na kwa kweli hakuwa na pengine.

Akaenda. Pale uani walisikia sauti ya mama mkwe ndani ya choo ikiongea taratibu kama redio ya jirani: "Umefika kwa barabara? Haya. Huyo anakusalimia ni nani? Mwambie jioni. Umeshika jiwe? Liweke mkononi, usiweke mfukoni." Muturi alitazama saa. Hakuwa amemaliza kuitazama Sifuna alipotokea langoni akikimbia, jiwe mkononi amelishikilia kama yai. Watu walishangaa. Hata yeye alishangaa.

Bawaba ya kati ikakatika, kisha ya chini. Sifuna na Muturi wakaubeba mlango wakauweka nyasini, na Sifuna akageuka akatazama milimani, mgongo kwa choo, mpaka mama mkwe alipopita na mkongojo wake. Alipita karibu. Kwa mara ya kwanza hakuongea kwa simu wala kwa mtu wa kati.

"Kazi nzuri," akasema hewani. "Rangi umezidisha."

*

Watu waliingia kula. Kutoka ndani vilisikika vicheko, na cha Mama Phelista kilikuwa kikubwa kuliko vyote, maana hatimaye choo kile kilikuwa kimempata mwingine.

Sifuna alibaki nje. Choo kilikuwa hakina mlango. Alikitazama, akautazama mlango nyasini. Angeweza kusema kesho. Angeweza kwenda kula kwanza, na alijijua: angekula, Wabwile angesema jambo, na gunia lingerudi. Alivua koti la harusi akalitundika kwenye mgomba. Akatafuta bawaba nyingine. Alizipata kwenye nyumba ya kuku, akazing'oa, kuku akalalamika.

Alipoinua uso, Mukami alikuwa ameketi juu ya debe la rangi, sahani ya ugali na kuku mapajani.

"Si uingie ndani na wageni?" Sifuna akasema.

"Huku kuna hewa," Mukami akajibu. "Nakula tu."

Hakusema lingine. Hakuuliza itachukua muda gani, wala hakumwambia pale pamepinda, ingawa kweli palikuwa pamepinda, na Sifuna mwenyewe akapaona akapanyoosha. Alichomelea bawaba ya juu. Mukami akala paja. Alichomelea ya kati. Mara moja alisimama, macho yakielekea kwenye ngazi isiyofika paani, na akaingiwa na wazo zuri sana kuhusu ngazi ile. Mukami alitafuna polepole. Alikuwa pale. Sifuna akarudi kwenye bawaba ya chini.

Kisha akaling'oa komeo, akalisugua rangi yote mpaka chuma kikang'aa, akalirudisha.

Mukami aliweka sahani chini, akajifuta mikono, akaingia chooni, akafunga. Komeo likasukumwa. Sifuna akasimama pale nje, grainda mkononi, jasho likimtiririka hadi kwenye soksi, hapumui. Ndani kukawa kimya. Kimya kirefu, cha mtu anayejua anachofanya.

Komeo likarudi bila kelele. Mukami akatoka.

"Begi zetu ziko kwa gari ya Muturi," akasema. "Ni mbili. Leta zote mbili, Baba Lenah. Nakungoja hapa."